Kibodi Moja kwa Vifaa Vingi: Namna ya Kuchagua Kibodi ya Kimakanika Isiyotumia Waya

Kazi ya maandishi siku hizi hupitia vifaa kadhaa kabla ya kukamilika: ripoti huanzwa kwenye kompyuta ya ofisini, huendelezwa nyumbani kwenye kompyuta mpakato, hupitiwa safarini kwenye kishikwambi, na ujumbe unaoihusu hujibiwa kwa simujanja. Kila kifaa kina kibodi yake, nyingine ya vitufe vyembamba vilivyobanana, nyingine ya picha tu juu ya kioo, na vidole hulazimika kujizoeza upya kila vinapohama. Kibodi ya kimakanika isiyotumia waya, ambayo huunganishwa na vifaa kadhaa kisha ikahamishwa kutoka kimoja hadi kingine kwa kubonyeza vitufe viwili tu, imebuniwa ili kuondoa usumbufu huo.

Soko la kibodi hizi, hata hivyo, limejaa namba, rangi na majina ya swichi, na mnunuzi mgeni hushawishika kuanza na yale yanayoonekana, yaani taa, rangi na mlio. Mpangilio unaofaa ni wa kinyume. Anayeanza na orodha ya vifaa vyake, akafuatia njia ya mawasiliano na mpangilio wa vitufe, kisha akamalizia na swichi na mapambo, hukosea mara chache zaidi, kwa sababu mambo ya mwanzo hayarekebishiki baada ya fedha kulipwa, ilhali yale ya mwisho mara nyingi hurekebishika kwa gharama ndogo.

Muundo wa kibodi ya kimakanika

Kibodi nyingi zinazouzwa pamoja na kompyuta za bei nafuu ni za utando, maana yake ni kwamba chini ya vitufe vyote kuna tabaka za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na juu ya tabaka hizo kuna vibonge vidogo vya mpira. Kitufe kinapobonyezwa, kibonge hubonyea, tabaka hugusana, na kompyuta hupata taarifa. Muundo huo ni rahisi kutengeneza, lakini kwa kawaida kitufe sharti kishuke karibu hadi chini kabisa ndipo herufi ipatikane, na mpira hupoteza uhai wake kadiri miaka inavyopita. Katika kibodi ya kimakanika kila kitufe kina swichi yake peke yake, ambayo ni kisanduku kidogo chenye springi, kijiti cha plastiki kinachopanda na kushuka, na vipande vya metali vinavyogusana kabla kijiti hakijafika mwisho wa safari yake.

Swichi iliyoweka kipimo kinachofuatwa na wengi ni MX ya Cherry, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1953 na baadaye ikaweka makao yake Ujerumani, ambayo ilileta swichi hiyo sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya ulinzi wa hataza yake kumalizika, makampuni ya China kama Gateron na Kailh yalitengeneza swichi zenye umbo hilohilo kwa bei ya chini, na ushindani huo ni sababu mojawapo ya kibodi hizi kuwafikia watumiaji wa kawaida. Swichi nyekundu ya MX husafiri milimita 4 kwa jumla na hutoa taarifa inapofika milimita 2, na mtengenezaji hutangaza kwamba inaweza kubonyezwa mara milioni 100, ilhali kibodi za utando kwa kawaida hukadiriwa kudumu kwa mibonyezo kati ya milioni 5 na milioni 10. Kwa mtu anayechapa kila siku, tofauti hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya kuhalalisha bei kubwa zaidi.

Njia za mawasiliano na tabia zake

Kibodi isiyotumia waya huwasiliana na kifaa kwa mawimbi ya redio, na njia zinazotumika sana ni mbili: Bluetooth na kipokezi maalumu cha USB. Bluetooth ni teknolojia inayosimamiwa na umoja wa makampuni ulioundwa mwaka 1998, na jina lake limetokana na Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Ubora wake kwa mtumiaji wa vifaa vingi ni kwamba karibu simu, vishikwambi na kompyuta mpakato zote za sasa tayari zinayo, hivyo hakuna kitu cha ziada cha kuchomeka wala tundu la USB linalohitajika. Toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2010, lilileta namna ya mawasiliano inayotumia nishati kidogo, na hiyo husaidia kibodi kukaa wiki nyingi bila kuchajiwa.

Kipokezi ni kijiti kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, nacho hutumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 lakini kwa lugha ya mtengenezaji mwenyewe. Vipokezi vingi vya kibodi za michezo hupeleka taarifa mara 1,000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde moja, wakati Bluetooth ya nishati ndogo haishuki chini ya milisekunde 7.5 kati ya mawasiliano mawili kwa utaratibu wake wa kawaida. Kwa mcheza michezo ya kasi tofauti hiyo ina maana. Kwa mwandishi, mhasibu au mwanafunzi haionekani, kwa kuwa hakuna anayechapa kwa kasi ya kutosha kuihisi. Udhaifu wa kipokezi ni kwamba hukihudumia kifaa ambamo kimechomekwa tu, na simu nyingi huhitaji kiunganishi cha ziada ili kiingie.

Kibodi nyingi nzuri zina njia zote mbili pamoja na waya wa USB-C, na uwepo wa waya usidharauliwe. Kompyuta nyingi huwa hazijaiwasha Bluetooth katika hatua za mwanzo kabisa za kuwaka, kabla mfumo wa uendeshaji haujapakiwa, kwa hiyo nenosiri la diski linaloombwa wakati huo haliwezi kuandikwa kwa kibodi ya Bluetooth pekee. Waya pia hukamilisha kazi pale betri inapokwisha katikati ya mkutano, na huruhusu programu ya ndani ya kibodi, yaani ile inayoongoza vitufe na mawasiliano yake, kusasishwa kwa usalama.

Masafa ya gigahezi 2.4 yanatumiwa pia na ruta za Wi-Fi na hata oveni za maikrowevu, lakini mpinzani asiyejulikana na wengi ni tundu lenyewe la USB 3.0. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa waraka ulioeleza kwamba vifaa na waya za USB 3.0 hutoa mvurugo wa redio unaoweza kudhoofisha vipokezi vilivyo karibu. Kibodi inayoruka herufi wakati diski ya nje imechomekwa kando ya kipokezi huenda haina kasoro yoyote, na dawa yake mara nyingi ni waya mfupi wa kurefushia unaokisogeza kipokezi mbali kidogo na tundu hilo.

Kuhama kutoka kifaa hadi kifaa

Uwezo wa kutumikia vifaa vingi hutegemea nafasi za kumbukumbu zilizo ndani ya kibodi. Kila nafasi huhifadhi ufunguo wa siri uliokubaliwa kati ya kibodi na kifaa kimoja wakati wa kuoanisha, kitendo cha kuvitambulisha vifaa viwili ili baadaye viunganike vyenyewe bila kuulizana tena. Kibodi nyingi zina nafasi tatu, na kwa mfano Keychron K2 huhama kwa kubonyeza kitufe cha Fn pamoja na 1, 2 au 3, ilhali Logitech MX Mechanical ina vitufe vitatu kwa kazi hiyo. Ni muhimu kuelewa kwamba wakati wowote kibodi huandikia kifaa kimoja tu. Vifaa vingine hubaki vikingoja zamu.

Mnunuzi achunguze mambo matatu hapa. La kwanza ni idadi ya nafasi ikilinganishwa na idadi ya vifaa, akikumbuka kwamba katika baadhi ya kibodi kipokezi na waya huongeza nafasi juu ya zile tatu za Bluetooth, hivyo kufikisha vifaa vitano. La pili ni namna ya kuhama: baadhi ya kibodi zina swichi ya pembeni ya kuchagua kati ya Bluetooth, kipokezi na waya, na mtu anayehama mara nyingi kwa siku atachoka kuitafuta kwa kidole. La tatu ni muda wa kuamka, kwa sababu ili kuhifadhi betri kibodi hulala baada ya dakika kadhaa za kutoguswa, na zinapoamka baadhi yake hupoteza herufi ya kwanza au ya pili. Kibodi zinazoruhusu muda huo wa kulala kubadilishwa zina faida ya wazi.

Kibodi hutuma namba, si herufi

Jambo linalowasumbua zaidi watumiaji wa vifaa vingi halihusu redio hata kidogo. Kibodi haitumi herufi bali namba ya kitufe, na kifaa kinachopokea ndicho huamua namba hiyo ni herufi gani kulingana na mpangilio uliochaguliwa katika mipangilio yake. Kitufe kinachoandikwa A kwenye kibodi za Kimarekani hutuma namba 4, na kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Kifaransa, unaotumika sana Kongo na Burundi, huipokea namba hiyohiyo na kuandika Q. Kwa hiyo kibodi moja inaweza kuandika vizuri kwenye simu na kuvuruga kila kitu kwenye kompyuta, bila ya kuwa na hitilafu. Dawa ni kuhakikisha vifaa vyote vimepangwa kwa mpangilio mmoja unaolingana na maandishi ya vitufe.

Mwandishi wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Kiswahili hakihitaji herufi zenye alama za juu, hivyo mpangilio wa kawaida wa Kimarekani au wa Kiingereza unatosha, lakini kinahitaji ritifaa katika maneno kama ng'ombe, ng'ambo na kung'oa. Kifaa kikiwa kimepangwa kwa utaratibu wa Kimarekani wa kimataifa, kitufe cha ritifaa hungoja irabu inayofuata na kuungana nayo, na neno ng'ombe hutokea likiwa ngómbe. Mtu anayeona kosa hilo kwenye kifaa kimoja tu kati ya vitatu asiilaumu kibodi. Aende kwenye mipangilio ya kifaa hicho na kuchagua mpangilio wa Kimarekani wa kawaida.

Tofauti nyingine ni ya vitufe vya amri. Kompyuta za Windows hupanga Ctrl, kitufe cha Windows na Alt, ilhali zile za Apple hupanga Control, Option na Command, na kwa kuwa kitufe cha Windows na cha Command hutuma namba ileile, mkono uliozoea mpangilio mmoja hukosea njia za mkato katika mwingine. Mwenye vifaa vya aina zote mbili atafute kibodi yenye swichi ya kubadili mpangilio huo, au iliyo bora zaidi, inayokumbuka mpangilio kwa kila kifaa. Baadhi ya kibodi hukubali mfumo huria wa QMK na programu ya VIA, ambavyo humruhusu mtumiaji kuhamisha kazi ya kitufe chochote na kuhifadhi mabadiliko ndani ya kibodi yenyewe, nayo yakafuatana naye hadi kwenye simu au kishikwambi ambamo programu hiyo haiwezi kusakinishwa.

Swichi na vidole

Swichi zimegawanyika katika makundi matatu makuu. Swichi laini hushuka moja kwa moja bila kikwazo, swichi za mguso zina kinundu kidogo kinachokijulisha kidole kwamba herufi imeingia, na swichi za mlio huongeza sauti kali ya kubofya juu ya kinundu hicho. Katika familia ya MX makundi hayo hutambulishwa kwa rangi nyekundu, kahawia na bluu, na makampuni mengine mengi yamefuata desturi hiyo. Swichi ya bluu humpendeza mchapaji aliye peke yake, lakini katika ofisi ya pamoja, maktaba au mkutano wa video sauti yake ni kero kwa wengine, na kwa kibodi inayotarajiwa kubebwa kutoka mahali hadi mahali ni busara kuchagua swichi laini au ya mguso.

Uzito wa springi hupimwa kwa sentinyutoni, na sentinyutoni moja inakaribia uzito wa gramu moja. MX nyekundu huhitaji takriban 45 na ya bluu takriban 60. Lugha inayoandikwa inahusika na uchaguzi huu, kwani katika Kiswahili herufi a hujitokeza mara nyingi kuliko nyingine zote: sentensi fupi ya "wanafunzi wanasoma" ina herufi 17, na 5 kati yake ni a. Katika mpangilio wa Kimarekani herufi hiyo huangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu kuliko vingine, na anayechapa kurasa nyingi za Kiswahili kwa siku atafaidika na springi nyepesi kuliko vile ambavyo ushauri ulioandikwa kwa lugha nyingine ungeonyesha.

Kwa kuwa mguso hauwezi kuhukumiwa kikamilifu kabla ya majuma kadhaa ya matumizi, sifa ya kutafuta ni soketi zinazoruhusu swichi kuchomolewa na kubadilishwa bila kulehemu. Kibodi ya namna hiyo hulinda fedha za mnunuzi mara mbili, kwani humwezesha kubadili swichi zote akigundua zimekuwa nzito, na kubadili moja tu inapoanza kuandika herufi mara mbili kwa kubonyezwa mara moja, hitilafu inayotokea mguso wa metali unapochafuka au kuchakaa. Katika miji ya pwani yenye hewa ya chumvi na katika maeneo yenye vumbi jingi, sifa hiyo ina thamani kuliko taa za rangi. Kofia za vitufe nazo hutofautiana: za plastiki aina ya ABS huanza kung'aa kwa mafuta ya vidole baada ya muda, ilhali za PBT hustahimili zaidi.

Ukubwa, betri na usalama

Kibodi kamili ya Kimarekani ina vitufe 104, isiyo na sehemu ya namba ina 87, na ile inayoitwa ya asilimia 75 ina takriban 84. Mhasibu anayeingiza tarakimu siku nzima asijinyime sehemu ya namba, lakini msafiri atafaidika na kibodi ndogo, ambayo pia hukiacha kipanya karibu na mkono wa kulia na kupunguza kunyoosha bega. Kibodi za asilimia 60, zenye vitufe 61, huficha mishale nyuma ya Fn, na kwa anayehariri maandishi hasara hiyo huonekana tangu siku ya kwanza. Kimo nacho ni cha kuzingatiwa: kibodi za kawaida ni nene na huenda zikahitaji egemeo la viganja ili kifundo cha mkono kisikunjwe, wakati zile za swichi fupi hukaa karibu na meza na huingia kwenye mkoba kwa urahisi.

Katika betri, adui mkubwa ni taa. Logitech hutangaza kwamba MX Mechanical hudumu hadi siku 15 taa zikiwaka na hadi miezi 10 zikiwa zimezimwa, na uwiano huo unaeleza yote. Betri ya miliampia-saa 4,000, kama iliyomo katika Keychron K2, ni kubwa, lakini nayo humalizwa upesi na taa za rangi zinazowaka mchana kutwa. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, kibodi inayokaa wiki kadhaa bila chaji na inayochajiwa kwa waya uleule wa USB-C wa simu ni msaada wa kweli.

Usalama haupaswi kusahauliwa, kwa kuwa kila nenosiri hupita hewani. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi za bei nafuu za watengenezaji 8, zinazotumia vipokezi, zilituma maandishi bila kuyasimba kwa siri, na mtu aliye mita kadhaa mbali aliweza kuyasoma. Bluetooth nayo ilifichuliwa kasoro mwishoni mwa mwaka 2023, iliyoruhusu mshambuliaji aliye karibu kujifanya kibodi na kuingiza maandishi kwenye simu na kompyuta ambazo hazijasasishwa. Mafunzo ni mawili: kuepuka vipokezi visivyotaja usimbaji wowote, na kusasisha mifumo ya vifaa vyote vilivyooanishwa.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aorodheshe vifaa vyake vyote na mifumo inayoviendesha, aende dukani na angalau viwili kati yake, aombe kuvioanisha na kuhama mara kadhaa, kisha achape aya nzima ya Kiswahili yenye maneno kama ng'ombe na ng'ambo kwenye kila kimoja. Anayeagiza kwa njia ya mtandao, ambaye hawezi kufanya hivyo, ahakikishe kwamba kibodi ina soketi za kubadilisha swichi, waya wa akiba na muda wa kutosha wa kuirudisha. Kwa watumiaji wengi wa Afrika Mashariki chaguo salama ni kibodi ya asilimia 75 yenye mpangilio wa Kimarekani, nafasi tatu za Bluetooth pamoja na waya, swichi nyepesi zinazobadilishika na swichi ya kubadili mpangilio wa vitufe vya amri. Chochote kinachozidi hapo ni mapambo, na kinunuliwe tu iwapo fedha zimebaki.